Uzi maalumu: nyama ya kidole cha mguu ilivyorudisha hisia kwenye kidole gumba cha mkono wangu

Bi Sindano (mleta uzi)
#1

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita kwenye uzi wa ajali za kazini niliandika mstari mmoja tu, kwamba nyama ya kidole gumba changu cha mkono wa kushoto imetoka mguuni. Meseji nilizopata ni nyingi, wengine wakidhani natania. Ahadi ni deni, leo nimekaa niandike yote. Ni ndefu, mnivumilie.

Mimi ni fundi wa kukata na kushona. Miaka 3 iliyopita nilikuwa nakata kitambaa cha tabaka nyingi kwa mashine ya umeme, ile yenye kisu cha mviringo. Mkono wa kulia unaendesha mashine, wa kushoto unakandamiza kitambaa kisitembee. Tabaka la juu likajikunja, nami nikapeleka gumba la kushoto kulinyoosha kabla sijazima. Sikusikia maumivu. Nilichoona kwanza ni kitambaa kubadilika rangi.

Kisu kilikuwa kimechukua nyama yote ya tumbo la kidole, kuanzia karibu na mkunjo wa kiungo cha mwisho hadi nchani. Ukucha ulibaki mzima kwa juu, na kwa chini mfupa ulikuwa wazi. Kipande chenyewe kilisagika pamoja na nyuzi, hakikuwa cha kurudishwa.

Daktari wa kwanza aliyenipokea alisafisha, akanichoma sindano ya pepopunda, akapiga eksirei, akanieleza kwamba njia ya haraka ni kufupisha mfupa kidogo na kuvuta ngozi iliyobaki kuufunika. Ndani ya wiki chache ningekuwa kazini. Ni njia halali kabisa, wengi hutibiwa hivyo na wakaridhika. Nikamuuliza swali moja: nitahisi uzi? Alikishika tena kile kidole, akakigeuza, akafikiri. Kisha akaandika barua ya kunipeleka kwa mabingwa wa mikono. Namshukuru mpaka leo, kwa sababu angeweza kabisa kumaliza kazi siku ile na mimi nisingejua kama kulikuwa na njia nyingine.

Asiyeshona hudhani ufundi uko kwenye mkono wa sindano. Ufundi uko kwenye mkono unaoshika. Macho yako kwenye mguu wa cherehani, na gumba la kushoto pamoja na kidole cha shahada ndivyo vinavyokuambia kwamba kitambaa cha juu kimetangulia cha chini, kwamba bitana imejikunja ndani, kwamba hapa pana fundo la uzi. Gumba lisilohisi ni sawa na koleo.

Kwa nini mguuni? Hili ndilo nilielezwa vizuri na bingwa, na ndilo ninalotaka watu walielewe kuliko yote. Ngozi ya tumbo la kidole haifanani na ngozi ya mahali pengi mwilini. Haioti nywele. Ni nene. Ina ile mistari ya alama za vidole inayofanya kitu kisiteleze. Chini yake kuna nyuzi ngumu zinazoifunga kwenye mfupa, ndiyo maana ukibana sindano ngozi haizunguki juu ya kidole. Na imejaa vipokezi vya mguso, vingi kwa eneo dogo. Ukichukua ngozi ya tumboni au ya mkono wa juu ukaibandika nchani mwa kidole, kidonda kitafunga vizuri, lakini utakuwa kama umevaa glavu kubwa: ngozi inateleza, inaweza kuota nywele, na haikuambii kitu. Ngozi inayofanana na ya kiganja na vidole iko kwenye nyayo na vidole vya mguu.

Kwangu walichukua kipande cha kama sentimita 2 kwa 3 kutoka kidole gumba cha mguu wa kushoto, ule ubavu unaotazama kidole cha pili. Hawakukata kidole. Hawakugusa mfupa wala ukucha. Waliacha upande wa ndani, ambao ndio unaosukuma ardhi mtu anapotembea.

Kipande hicho hakibandikwi tu kama kiraka. Kinatolewa na ateri yake, vena zake, na mshipa wake wa fahamu, halafu kila kimoja kinaunganishwa na mwenzake mkononi. Kundi moja la wapasuaji lilikuwa mguuni, jingine mkononi likitafuta ncha za mishipa yangu iliyokatwa. Kipande kiliachwa kikining'inia kwenye mishipa yake mguuni mpaka mkono ulipokuwa tayari, ndipo kikakatwa na kuhamishwa. Mimi nilikuwa usingizini, nusu kaputi, kwa saa 5 hivi.

Baada ya siku kadhaa nilimwomba bingwa anionyeshe uzi waliotumia. Alicheka, akaleta pakiti. Nimeshona tangu nikiwa na miaka 16, nimeshika nyuzi za kila aina, lakini ule sikuuona mpaka alipoulaza juu ya kitambaa cha kijani. Unene wake ni kati ya milimita 0.02 na 0.03, na unywele wa mtu ni kama milimita 0.07. Mshipa wanaoushona una upana wa milimita 1 hivi, mwingine hata pungufu, na unazungushiwa mishono 6 mpaka 8 chini ya hadubini. Kila mshono una fundo lake. Nikamuuliza kwa nini wasizungushe uzi mmoja, si ni haraka zaidi? Akasema uzi mmoja ukivutwa unaweza kubana mdomo wa mshipa, kama kamba ya kiunoni inavyokunja suruali. Hapo tukaelewana.

Akaniambia na kosa wanaloliogopa kuliko mengine: sindano kupita ukuta wa mbele ikashika na ukuta wa nyuma, mshipa ukazibika. Wakuu, hilo kosa nalijua! Kila fundi amewahi kushona mkono wa shati akaushika na upande wa pili, akagundua anapougeuza. Sisi tunafumua. Wao wakichelewa kugundua, damu inaganda na kipande kinakufa.

Nimechoka kuandika kwa sasa. Nikirudi nitaeleza siku za wodini na jinsi hisia zilivyorudi, maana hazikurudi siku ile wala mwezi ule.

Kaka wa Randa
#2

Dada pole sana, na asante kwa kuandika. Mimi ni seremala. Randa ya umeme ilinichukulia ncha ya kidole cha pete miaka mingi iliyopita. Walifupisha wakashona, baada ya mwezi nilikuwa kazini. Naomba nikuulize kwa heshima zote: kulikuwa na haja gani ya kuharibu mguu mzima kwa ajili ya kipande cha sentimita 3? Sasa una majeraha mawili badala ya moja.

Mchunguzi
#3

Nafuatilia. Mleta uzi usitukimbie.

Nesi Zamu ya Usiku
#4

Mleta uzi kaeleza vizuri mno, kuliko tunavyoeleza wodini. Naongeza upande wangu, nimelinda wagonjwa wa aina hii usiku mwingi.

Mpasuaji akimaliza kazi yake, saa 48 mpaka 72 za kwanza ni zetu. Kipande kinaangaliwa kila saa. Tunatazama rangi, tunagusa joto, tunabonyeza kidogo na kuachia tuone damu inarudi baada ya muda gani. Inatakiwa irudi kama ndani ya sekunde 2. Kikiwa cheupe, baridi, na kinachelewa kurudisha damu, ateri ina shida, damu haiingii. Kikiwa cha zambarau, kimevimba, na ukibonyeza damu inarudi haraka kupita kiasi, damu inaingia lakini haitoki, vena imeziba. Hali zote mbili ni za kumwamsha daktari saa hiyohiyo, usingoje kupambazuke. Kurudishwa chumba cha upasuaji usiku si jambo la ajabu, na kipande kinaweza kuokolewa kwa kuwahi.

Pale vena zinapogoma na haziwezi kushonwa tena, kuna mahali bado wanatumia ruba, ndiyo, ruba wa dawa waliofugwa kwa kazi hiyo. Anyonye damu iliyotuama mpaka vena mpya ndogo ziote. Mgonjwa anapewa na antibayotiki kwa sababu ruba ana bakteria wake tumboni.

Na sigara. Nasema hili kwa uchungu. Nikotini inabana mishipa midogo. Nimeona kipande kizuri kabisa kikibadilika rangi baada ya mgonjwa kutoka kidogo kwenda kuvuta. Anayevuta moshi wa mwenzake chumbani naye hayuko salama. Chumba kiwe na joto, mkono uinuliwe, vinywaji vyenye kafeini viwekwe kando kwa muda atakaosema daktari.

Bi Sindano
#5

@Nesi Zamu ya Usiku umenirudisha wodini. Nilikuwa nasikia viatu vya nesi kwenye korido kila saa, taa ndogo, kidole kinabonyezwa, kisha "kizuri, lala." Usiku wa pili hakusema kizuri. Aliita daktari. Wakafungua mishono miwili ya ngozi iliyokuwa imekaza kwa uvimbe, rangi ikarudi. Nilikaa macho mpaka asubuhi nikikitazama.

@Kaka wa Randa swali lako ni halali na sijalichukulia vibaya. Kwa kidole cha pete, pengine na mimi ningefanya kama wewe. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayefungua mguu kwa kila ncha iliyokatwa. Kidonda kidogo cha nyama ambacho mfupa haujatokeza, kikisafishwa na kufungwa bandeji isiyokauka, hujijaza chenyewe kwa wiki kadhaa na hisia zake huwa nzuri. Kikiwa kikubwa zaidi kuna njia za hapohapo mkononi: kuvuta ngozi ya kidole chenyewe kwa mkato wa umbo la V unaofungwa kama Y, au kukopa ngozi ya mgongo wa kidole jirani, vidole viwili vikashonwa pamoja kwa wiki 2 au 3 kisha vikatenganishwa. Mguu unafikiriwa pale nyama yote ya tumbo la kidole imeondoka, kidole chenyewe ni gumba au cha shahada, na mwenye kidole anaishi kwa kugusa. Mimi nilikuwa na yote matatu.

Na mguu haukuharibika mzima. Wiki 2 nilitembea kwa kisigino. Pale walipotoa walishona sehemu, na sehemu walibandika ngozi nyembamba. Leo kuna shimo dogo upande mmoja wa kidole na kovu gumu linalolalamika nikivaa kiatu chenye mdomo mwembamba. Natembea, nakimbia, nakanyaga pedeli ya cherehani kutwa. Siwezi kusema sijalipa kitu, nimelipa. Ila nilijua ninachonunua.

Kaka wa Randa
#6

Nimekuelewa dada. Nikiri na jambo: kidole changu ukucha wake ulijikunja kwa mbele kama mdomo wa kasuku. Unanasa kwenye sweta, unanasa mfukoni. Nimezoea kuukata mfupi mpaka unatoa damu. Hakuna aliyeniambia kabla kwamba ingekuwa hivyo.

Nesi Zamu ya Usiku
#7

@Kaka wa Randa hiyo hutokea kitanda cha ukucha, yaani ile nyama laini ukucha unapolalia, kinapokuwa kirefu kuliko mfupa ulio chini yake. Ukucha unafuata kitanda, mfupa hauupi tena pa kulalia, unainama. Ndiyo maana wakati wa kufupisha mfupa inabidi kitanda nacho kipunguzwe, au ncha ijengwe upya ipate cha kuegemea. Kuna marekebisho hata baada ya miaka, usikate tamaa, nenda kaonane na bingwa wa mikono. Na kwa wale ambao ukucha wote umeondoka, mguu unaweza kutoa hata ukucha: kitanda cha ukucha kidogo kinachopandikizwa bila mshipa, au ukucha mzima na kipande cha mfupa na nyama, wenye mishipa yake. Hilo la pili ni kazi nzito zaidi.

Mchunguzi
#8

Nimesubiri mleta uzi apumzike, ngoja niweke historia kidogo, maana nimeona watu wanadhani hii ni teknolojia ya juzi.

Mwaka 1898 mpasuaji wa Austria, Carl Nicoladoni, alihamisha kidole cha pili cha mguu kikakaa mahali pa kidole gumba cha mkono. Hadubini ya kushonea mishipa hakuwa nayo. Alichofanya ni kuufunga mkono kwenye mguu, kidole kikishonwa mkononi huku bado kinalishwa damu na mguu, mpaka mishipa mipya ilipoota, ndipo akakikata upande wa mguu. Fikiria mgonjwa amejikunja wiki kadhaa, mkono na mguu ni kitu kimoja.

Kilichobadilisha mambo ni hadubini. Mwaka 1960 Jacobson na Suarez nchini Marekani walionyesha kwamba mishipa midogo sana ya damu inaweza kushonwa chini yake. Mwaka 1965 Komatsu na Tamai huko Japani walirudisha kidole gumba kilichokatika kabisa. Mwaka 1966 Harry Buncke wa California alichapisha kazi yake ya kuhamisha kidole gumba cha mguu wa nyani kwenda mkononi kwa hatua moja. Mazoezi yake mengi aliyafanyia kwenye gereji ya nyumbani kwake. Mwaka huohuo, Shanghai, Yang Dongyue alihamisha kidole cha pili cha mguu wa binadamu kwenda mkononi. Mwaka 1968 John Cobbett wa Uingereza alihamisha kidole gumba cha mguu. Haya yote yalikuwa ya kidole kizima. Mwaka 1979 Buncke na mwenzake Rose wakaandika juu ya kuhamisha nyama ya kidole cha mguu tu, pamoja na mshipa wake wa fahamu, kwenda kwenye ncha ya kidole cha mkono. Hicho ndicho alichofanyiwa mleta uzi. Mwaka 1980 Morrison na wenzake Australia wakaja na namna ya kuzungushia ngozi na ukucha wa kidole gumba cha mguu kwenye gumba la mkono, mfupa mwingi wa mguu ukibaki.

Kinachonigusa ni mwelekeo: walianza kwa kuchukua kidole kizima, miaka ikaenda wakawa wanachukua kidogo zaidi na zaidi, kile tu mkono unachohitaji.

Mama Wawili
#9

Samahani naingilia, nina haraka. Mwanangu wa miaka 4 amebanwa na mlango sasa hivi, ncha ya kidole cha kati imekatika kidogo, ukucha umeng'oka nusu. Nimesoma hapa nikaogopa, je watamkata mguu?

Nesi Zamu ya Usiku
#10

Mama tulia, hapana. Mbane kidole kwa kitambaa safi, inua mkono, mpeleke hospitali sasa. Kama kuna kipande kimetoka, kisuuze kidogo, kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kiweke kwenye mfuko wa plastiki ufunge, halafu mfuko ndio uwe kwenye maji ya barafu. Barafu isiguse nyama moja kwa moja, inaiua. Usikilowanishe kwenye dawa yoyote. Nenda, utasoma mengine baadaye.

Nesi Zamu ya Usiku
#11

Kwa wengine wanaosoma: ncha za vidole vya watoto zina neema ya pekee. Mwaka 1974 daktari Cynthia Illingworth wa Sheffield, Uingereza, aliandika kuhusu watoto waliokatika ncha za vidole ambao walifungwa bandeji tu bila kushonwa, na ncha zikaota upya, ukucha ukiwemo. Sharti mkato uwe umepita mbele, mzizi wa ukucha ubaki. Lakini hilo halimaanishi ukae nyumbani. Kitanda cha ukucha kikiwa kimepasuka au mfupa umevunjika kunahitaji mtu wa kuangalia.

Msomaji Kimya
#12

Nina swali nimekuwa naogopa kuuliza. Mtu akikugusa gumba, unahisi anakugusa mkononi au mguuni?

Bi Sindano
#13

@Msomaji Kimya hilo ndilo swali zuri kuliko yote, na ndiyo sehemu niliyoahidi.

Mkononi. Sijawahi hata siku moja kuhisi mguuni. Bingwa alinieleza hivi: mshipa wa fahamu ukikatwa, nyuzi zake zilizo upande wa mbele wa mkato zinakufa zote. Inabaki mirija mitupu. Kwa hiyo kipande kilichokuja kutoka mguuni kilileta mirija mitupu na vipokezi vinavyosubiri. Nyuzi zilizoingia humo ni za gumba langu mwenyewe, zimeota kutoka mkononi kwenda mbele, kama milimita 1 kwa siku zikienda vizuri. Ubongo haujui habari za mguu. Kwake waya ni uleule wa gumba.

Ila kuota huko ni polepole, na kabla hakujafika kidole ni mgeni. Miezi 2 ya kwanza kilikuwa cha moto, chenye damu, kinapendeza, na hakihisi lolote. Nilikuwa napiga pasi kola ya shati, nikasikia harufu. Nilidhani ni kitambaa. Ilikuwa gumba langu, liko chini ya pasi, na mimi naangalia dirishani. Lengelenge lilipona, lakini tangu siku hiyo nilivaa subana kwenye gumba kila nikiwa karibu na joto. Yeyote atakayefanyiwa hii: mpaka hisia zirudi, macho yako ndiyo yalinde kidole. Maji ya moto, jiko, pasi, baridi kali, vyote.

Mwezi wa tatu mtaalamu wa tiba ya mikono aligonga kovu kwa ncha ya kidole chake na nikaruka, kama shoti ya umeme kuelekea nchani. Akaweka alama kwa kalamu. Mwezi uliofuata shoti ilipatikana mbele ya alama. Tukawa tunafuata safari hiyo mwezi kwa mwezi, alama kwa alama.

Kisha yakaja mazoezi ya hisia. Nyuzi za fahamu zinapofika haziingii kila moja kwenye mrija wake wa zamani, kwa hiyo ubongo unapokea habari zilizochanganyika na inabidi ujifunze upya. Unafunga macho, unaguswa, unasema ni nini na ni wapi, unafungua macho unaona, unafunga tena. Mtaalamu alikuwa na pamba, brashi na msasa. Mimi nilijaza mfuko vipande vya vitambaa vyangu: jinzi, mahameli, kitani, satini, hariri. Dakika 10, mara 4 kwa siku. Jinzi nililitambua mapema. Mahameli nilianza kuitambua kwa kuisugua kinyume cha manyoya yake. Hariri na satini zilinitesa miezi mingi.

Kuna kipimo wanatumia, ncha mbili butu zinaguswa kwa pamoja na unasema ni moja au mbili, kisha wanazisogeza karibu mpaka unashindwa kuzitofautisha. Ncha ya kidole cha mkono kilicho kizima huzitofautisha zikiwa chini ya milimita 6. Gumba langu baada ya mwaka 1 lilifika milimita 7. Mtaalamu akapima na kidole gumba cha mguu wangu wa kulia, ambacho hakijaguswa na mtu. Milimita 12! Yaani nyama ileile ya mguu, ikiwa mkononi, inahisi vizuri kuliko ilivyokuwa ikihisi mguuni. Akasema mabingwa wameliona hili kwa wagonjwa wengi: ubongo umeutengea mkono nafasi kubwa kuliko mguu, na mkono unafanyishwa kazi kutwa.

Sitaki kuwapamba. Kidole hakifanani na cha zamani. Ni kinene kidogo, rangi yake imepishana na jirani zake, mistari yake ni mikubwa. Baridi ikija kinauma kwa ndani mpaka nivae glavu. Na si kila kipande kinaishi, wapo ambao mshipa uliziba na wakarudi kwenye ile njia ya kufupisha wakiwa na kovu la mguuni la bure. Bingwa aliniambia hilo kabla sijasaini, akarudia mara mbili. Akaniuliza na mishipa yangu, kisukari, sigara, kazi yangu, na kama nina mtu wa kunishika mkono wiki za kwanza. Daktari asiyekuuliza hayo, muulize wewe.

Mchunguzi
#14

Milimita 7 dhidi ya 12 kwenye mwili wa mtu mmoja. Nimesoma mara tatu.

Kaka wa Randa
#15

Dada, hariri na satini sasa unazitofautisha?

Bi Sindano
#16

@Kaka wa Randa ilikuwa mwezi wa 14. Nilikuwa naunga pindo la gauni, bitana ni satini. Macho kwenye sindano. Gumba likaniambia kuna mkunjo chini, mdogo, kama unywele. Nikasimamisha cherehani, nikainua mguu wake, nikageuza kitambaa. Mkunjo ulikuwepo. Niliuacha pale dakika nzima nikiupitia kwa gumba huku na huku. Hariri ni baridi zaidi na inashika ngozi kidogo, satini inateleza tu. Ndiyo, nazitofautisha, nikizipa sekunde moja zaidi ya zamani.

Mama Wawili
#17

Mrejesho wakuu. Tumerudi. Mfupa mzima, kitanda cha ukucha wameshona kidogo, ncha iliyokatika wamesema itaota. Wamemfunga bandeji isiyopitisha hewa sana, tumeambiwa turudi baada ya wiki. Amelala. Inaanza kutoa harufu, ni kawaida?

Nesi Zamu ya Usiku
#18

Hongera mama. Harufu chini ya bandeji ya aina hiyo ni kawaida, peke yake si usaha. Akipata homa, kidole kikivimba na kuwa chekundu kuelekea kiganjani, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi bila kusubiri wiki.

Bi Sindano
#19

Na usiifungue kuchungulia, hata ukitamani. Muwekee soksi mkononi usiku asiivute.